Soma Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi: Kilwa Wakati wa Kusi

Kiatu changu cha kushoto kipo Songo Mnara mpaka leo. Kilizama kwenye tope la mikoko asubuhi moja ya mwezi wa saba, maji yamepwa, boti imelala ubavu, nami nimebeba begi kichwani nikijaribu kufika nchi kavu kabla aibu haijaongezeka. Nahodha alikuwa amenionya tangu jana yake, pale gatini Kilwa Masoko.

"Kaka, kesho bamvua. Saa 4 kule hapana maji."

"Basi tuondoke saa 2."

Akanyamaza, kama wanavyonyamaza watu wa bahari wakishaona mteja hasikii. Mimi nilidhani tatizo ni kuchelewa kuamka. Nilikuwa nimechagua tarehe zile kwa hesabu ya watu wa mjini: mshahara umetoka, wikiendi ni ndefu, mbalamwezi itakuwa nzuri kwa picha. Mbalamwezi ilikuwa nzuri kweli. Ndiyo iliyonizamisha.

Tangu hapo nimerudi Kilwa mara kadhaa, kila mara wakati wa kipupwe, na sijawahi tena kupanga safari bila kuuliza kwanza mwezi umeandama lini. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu anayetaka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara msimu ambao wengi hawaendi, akarudi na viatu vyake vyote viwili.

Kipupwe, ile Juni hadi Agosti, ndio msimu wa baridi wa pwani yetu. Watu wa Makete watacheka nikisema baridi, na wana haki, maana usiku hewa hushuka hadi karibu na nyuzi 20 tu. Lakini ulowe maji ya chumvi, ukae kwenye boti wazi, kusi ikupige kifuani kwa saa nzima, halafu uniambie kama meno hayagongani. Faida yake ni kwamba mchana unaweza kutembea juani. Desemba na Januari kuta za matumbawe huwa za moto kama kikaango, na ukifika saa 6 hutafuti historia tena, unatafuta mwembe. Masika nayo ina lake: Mei 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini pale Somanga, na watu wakakwama njiani. Kipupwe barabara ni kavu, shule zikishafunguliwa gesti zina nafasi, na wageni wa Ulaya wengi wako Zanzibar. Kinachobaki kukushinda ni maji na upepo.

Maji kwanza, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, tunapata bamvua. Siku hizo bahari yetu hujaa kabisa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, na baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni. Hapo tuko kwenye maji mafu. Yanaitwa mafu kwa sababu hayana nguvu. Hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa weka kusi juu yake. Kusi ya kipupwe huwa imetulia alfajiri. Jua likipanda nayo huamka, saa 5 imeanza kukaza, na kuanzia saa 8 mpaka karibu na Magharibi ndipo inapochapa. Ukienda siku za bamvua, basi, asubuhi iliyotulia haina maji, na maji yanapokuja yanakuja pamoja na upepo. Ukienda siku za maji mafu, maji yanajaa wakati upepo haujaamka vizuri, na jioni hayakimbii mbali kiasi cha kukuacha kwenye tope. Ukipata siku hizo, nusu ya taabu za safari hii zimekwisha kabla hujatoka nyumbani.

Kuzipata hakuhitaji elimu. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayoning'inia dukani kwa Mangi au msikitini, utafute mwezi 8 hadi 10, au 22 hadi 24. Wanaobishana kama mwezi umeandama Jumatatu au Jumanne wasikusumbue, siku moja haiharibu kitu. Kama huna kalenda, tazama juu: ukiona nusu mwezi utosini wakati wa Magharibi, bamvua imepita na maji mafu yanaingia. Programu za simu zenye ratiba ya maji nazo zipo, na hata ukipata ya Dar es Salaam tu, Kilwa inatofautiana nayo kwa dakika chache. Mimi huangalia simu, kisha humuuliza nahodha. Wakitofautiana namfuata nahodha.

Kuna jambo moja tu litakalonifanya nimshauri mtu aende bamvua: kama hana haja ya boti hata kidogo, na anataka kuona bahari ikijivua nguo. Saa 4 asubuhi ya bamvua maji yanakwenda mbali, na kina mama wanashuka na vijiti na vikapu kutafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Hiyo ni safari nyingine, na ni nzuri. Usiichanganye na ya Songo Mnara.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kilomita 300 na kidogo. Mabasi ya Kusini yanapatikana Mbagala. Utapita Kibiti, Ikwiriri, utavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha Somanga, kisha Nangurukuru. Hapo Nangurukuru barabara ya Lindi na Mtwara inaendelea, ya Kilwa inakata kushoto kuelekea baharini. Panda basi linalofika Masoko kabisa. La Mtwara litakushusha njia panda, na ingawa gari ndogo hazikosekani, kungojea zijae na mizigo yako miguuni si starehe. Kaa siku nne. Siku mbili za visiwa, moja ya Kivinje, na moja ya akiba kwa ajili ya upepo. Mtu wa siku mbili ndiye anayemlazimisha nahodha kuvuka wakati hapavukiki.

Gesti tafuta ambayo dirisha la chumba halitazami kusi. Nilishalala kwenye chumba cha upande huo, bati likipiga ngoma usiku kucha. Omba blanketi mapema. Mhudumu wa mapokezi atashangaa, maana anajua mgeni wa pwani huomba feni.

Mambo ya kibali yamalize siku uliyofika. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, jambo linalowashangaza wengi wasioona simba anahusika vipi na msikiti. Raia analipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, na kama una wenzako kutoka nje uwaambie tofauti hiyo mapema wasije wakakutazama vibaya. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Ukisubiri siku ya safari, utakuwa kwenye foleni ya risiti wakati maji yako yanaondoka.

Jioni hiyo hiyo shuka gatini utafute nahodha. Usianze na bei. Salimia, uliza habari za bahari, uliza kusi leo ililala saa ngapi. Atajua unajua, na bei yenyewe itashuka bila kupigiwa kelele. Patana kwa boti nzima, kwenda, kungoja na kurudi, isiwe kwa kichwa. Elewa kwamba kipupwe bei hupanda kidogo kwa sababu ya haki: visiwa vyote viwili viko kusini mwa Masoko, boti inakwenda ikiutazama upepo usoni, na injini inakunywa petroli zaidi. Kurudi ni raha, upepo uko mgongoni, na nahodha mwenye tanga atazima injini.

Kabla hujatoa malipo ya awali, iangalie boti kwa macho yako. Muulize injini ikizima katikati atafanya nini. Jibu zuri ni kukuonyesha makasia na tanga, jibu baya ni kucheka. Jaketi okozi zihesabu, na ujaribu moja ikufunge. Ikiwa ni Ijumaa, panga mrudi kabla ya Adhuhuri au mkubaliane wazi atasali wapi. Na taarifa ya hali ya hewa ya TMA ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usibishane na mtu. Lala.

Kuhusu vitu vya kubeba nitasema vichache. Kandambili acha gesti. Tope litazila, na chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata mguu kama wembe. Yeboyebo za kufunga kisigino zinatosha. Vaa koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, maana maji yanatoka mbele, hayatoki juu. Simu, fedha na fulana kavu vitie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Niliuona ujanja huu kwa wavuvi na sijaona mfuko wa bei ghali unaouzidi: ndoo haipitishi maji, na safari ikiwa ndefu unaikalia.

Kisiwani ni karibu, maji ya kilomita kama 2. Ondoka saa 1 asubuhi. Kitu cha kwanza utakachokiona ni Gereza, ngome nyeupe iliyokaa ukingoni. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, walipouteka mji chini ya Francisco de Almeida. Hili unaloliona ni la Waomani, wa mnamo 1800. Wageni wengi hupiga picha zao zote hapa kwa sababu ndipo wanaposhukia, kisha wanafika kwenye Msikiti Mkuu betri imekwisha. Pita. Utarudi jioni, mwanga ni mzuri zaidi.

Kwenye Msikiti Mkuu kaa sana. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, ina umri wa miaka kama 900. Ile kubwa ya kusini, yenye kuba na nguzo za pande nane, ilianza kujengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, ikaja kutengenezwa upya karne iliyofuata. Simama karibu na ukuta, pua ikikaribia kugusa, lakini mkono uweke mfukoni. Kwenye jiwe la tumbawe utaona vinyota vidogo vidogo vilivyopangana, kila kimoja kilikuwa nyumba ya kiumbe cha baharini. Kati ya mawe, ndani ya chokaa, utaona punje nyeusi. Ni mkaa. Chokaa hiyo ilichomwa kwa kuni, tumbawe kwa tumbawe, na punje za lile tanuri zimebaki humo tangu mafundi walipoitwanga. Mimi punje hizo zilinisogeza karibu na watu wale kuliko maelezo yoyote ya bango.

Kwa mpiga picha kuna neno la kipupwe hasa. Miezi hii jua letu linakaa upande wa kaskazini, na kibla yetu nayo ni kaskazini. Ukitaka kupiga mihrabu saa 6 mchana utakuwa unalitazama jua usoni, na mihrabu itatoka nyeusi. Ipige asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni, na kivuli kikichora kila mstari wa upinde. Desemba jua likiwa kusini tatizo hili huna, ila una lile la kikaango.

Msikiti uliobomoka ni msikiti. Mwanamke abebe kanga ya ziada, mwanamume asiingie na kaptula, na mtu asikalie mihrabu kwa ajili ya picha, hata kama msimamizi ameangalia pembeni. Kisiwa kina wenyeji, kina watoto wanaokwenda shule na wazee wanaokaa barazani. Shikamoo moja itakufungulia mengi kuliko tiketi. Ukikutana na mzee mwenye wakati, na kipupwe wazee wana wakati, muombe akusimulie kisiwa kilivyonunuliwa. Atakwambia alikuja Mshirazi, Ali bin Hasan, akakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wakati huo, husimuliwa, maji yakipwa watu walivuka kutoka bara kwa miguu. Mshirazi akasoma dua, bahari ikachimba, na aliyeuza hakuweza tena kurudi kudai chake. Wanahistoria watakueleza vingine, na wana ushahidi. Mimi napenda kwamba hata ngano ya kuanzishwa kwa mji huu inahusu mtu aliyeyajua maji na mwingine ambaye hakuyajua.

Kutoka hapo tembea kuelekea mashariki kwenda Husuni Kubwa, nusu saa hivi kwa miguu, mwongozo akiwa mbele. Nyasi mwezi wa sita bado ni ndefu kutokana na masika, hivyo suruali ndefu na fimbo. Husuni ilikuwa kasri ya huyo huyo al-Hasan: vyumba zaidi ya 100 juu ya mwinuko unaotazama bahari, na kati yake birika la pande nane la kuogelea. Keti ukingoni mwa birika. Pale ndipo kusi inakufikia bila kizuizi, na pale ndipo inapofaa kukumbuka upepo huu ulikuwa na kazi gani.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akipita Mombasa, wakati wa kaskazi, na akaondoka kurudi Arabuni upepo ulipogeuka. Ndivyo walivyofanya wote. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Ghuba na Bara Hindi, kusi ikavirudisha vimebeba dhahabu ya Sofala na pembe. Kilwa ilitajirika kwa kuwa hapa ndipo chombo kingeweza kufika na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Zaidi ya hapa kusini, pepo zilikuwa hazitoshi. Lakini hata manahodha wale hawakuwa wapumbavu: walitweka kusi ikiwa changa, Aprili na Mei, au ikishachoka, mwezi wa nane. Juni na Julai, ikichacha, walikaa bandarini. Kwa hiyo ukijikuta umekwama Masoko siku nzima ukisubiri upepo upungue, jua una wenzako wa karne nyingi.

Usiokote kitu. Mawimbi ya kipupwe huchimbua ufuo, na utaona vigae vya vyungu na vya kaure vya Kichina vimelala mchangani kana kwamba vimeangushwa jana. Vina sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vina kazi: kigae kikiwa mahali pake kinasema, kikiwa kwenye kabati lako Kinondoni kinanyamaza. Sarafu ya shaba ya Kilwa imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota nyingine kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Songo Mnara iwekee siku yake, isibanwe kwenye alasiri ya Kisiwani. Hapa ndipo hesabu ya maji mafu inapokulipa. Ondoka saa 12 na nusu, kabla chai haijashuka tumboni. Kunywa nusu kikombe cha tangawizi na chapati ibebe. Mwendo ni zaidi ya saa nzima kwa injini, na mnatazamana na upepo, hivyo kaa nyuma karibu na nahodha. Anayeng'ang'ania mbele ili arekodi video ndiye anayeoga kwanza. Mtafika maji bado yanapanda, boti itaingia ndani zaidi kwenye mikoko, na hata hivyo utashuka majini. Hilo halikwepeki, lakini maji ya magotini si sawa na tope la mapajani. Tembea saa mbili na nusu, saa 5 muwe mmeondoka, upepo ukianza kukaza muwe tayari umewageukia mgongoni. Saa 7 unakula samaki Masoko.

Kule utaona mji ambao haukurundikiwa mji mwingine juu yake. Watu walianza kukaa Songo Mnara mwishoni mwa karne ya 14 na kuondoka mwanzoni mwa ya 16, basi. Kuna nyumba kubwa zaidi ya 40, misikiti, makaburi, na ukuta. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuisoma kuliko Kisiwani. Ingia nyumba moja tu uimalize: ngazi za kuingilia, ua, chumba cha mbele cha kupokea wageni, kisha vyumba vya ndani vinavyozidi kuwa na giza. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hatahitaji mwongozo, atajua mwenyewe wapi mgeni alikuwa anaishia. UNESCO iliviorodhesha visiwa hivi viwili mwaka 1981, ikaviweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikavitoa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Utaona mwenyewe wapi chokaa ni mpya, na wapi bahari imeshaanza tena kula.

Chakula cha kipupwe kina bei yake pia. Wavuvi wa ngalawa hawatoki siku za upepo, samaki wanapungua, na anayekwambia "leo hakuna changu, kuna pweza" hakudanganyi. Kula pweza wa nazi. Kuogelea fanya asubuhi maji yakiwa juu. Pwani zinazotazama mashariki zinatupiwa mwani mwingi msimu huu, na mtu aliyeahidiwa mchanga mweupe atanuna. Mwambie mapema kwamba amekuja kuangalia kuta.

Asiyeweza kufika mbali kiasi hicho, kuna magofu mengine yasiyotaka boti. Kaole, jirani na Bagamoyo, ina msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na unaweza kwenda na kurudi Dar siku moja. Tongoni, kusini kidogo ya Tanga, ina makaburi mengi zaidi na wageni wachache zaidi. Kote huko kalenda ya mwezi haikuhusu sana.

Nimebakiza Kilwa Kivinje, niliyoiwekea ile siku ambayo bahari imekataa. Ni safari ya barabara tu kutoka Masoko, kwa bajaji au gari ndogo. Karne ya 19 mji huu ndio uliokuwa mkubwa, na ukubwa wake ulitokana na biashara ya pembe na ya watumwa waliotembezwa kutoka Ziwa Nyasa. Wajerumani wakaujengea boma, ambalo limebaki gofu la ghorofa lenye miti inayochungulia madirishani. Uliza Mwembe Kinyonga ulikuwa wapi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, na pana mnara mdogo wa kumbukumbu ambao mtu anaweza kuupita bila kuuona. Nyumba za zamani zina milango ya nakshi iliyopauka. Nyingi zina watu ndani, kwa hiyo piga hodi kwanza, kamera ije baadaye. Kuta za Kivinje zinakukinga na kusi, na barazani pana watu wanaocheza bao mchana kutwa. Usiwape ushauri.

Rudi Masoko kabla ya Magharibi, ulale mapema, simu ikiwa na chaji. Nahodha akipiga saa 11 alfajiri akasema "leo imelala", uwe umeshavaa.